Wimbo Waliouzika Dunda

Sikuzani binti Kibwana hakuwa na sauti. Dunda nzima, mtaa wetu wa Bagamoyo, ilijua, na yeye mwenyewe alilisema kabla hajasemwa. Akifungua kinywa kuimba, kilichotoka ni mkwaruzo mtupu, kama mtu anayekwangua ukoko chunguni. Lakini maneno alipewa, tena akapewa mengi hata yakamponza. Tangu msichana, akiwa mkekani na kofia gotini, akidarizi kitobo baada ya kitobo, nyimbo zilimjia zimekwisha kujipanga, zina vina vyake na mahadhi yake. Kazi yake ilikuwa kuzipokea tu, kisha kuwagawia wenye makoo.

Wenye makoo hawakukosa. Siku hizo mji ulikuwa na vyama viwili vya lelemama, na uhasama wao ulipendeza macho ukaumiza roho. Wanawake walishona sare, wakajipanga safu, wakachezesha mikono taratibu kama watu wasio na neno na mtu, huku nyimbo zao zikimvua nguo mtu wa upande wa pili hadharani. Nyimbo za chama kimoja zote zilitoka kwa Sikuzani. Mwenyewe alisimama nyuma, midomo ikichezacheza, akisikia maneno yake yakitoka katika makoo ya wenzake. Hapo alipata furaha ambayo hakuipata hata siku ya harusi yake, na marehemu mumewe alikuwa mtu mwema.

Mwaka wa ndui, vita vya Wajerumani vimekwisha juzi juzi tu, alitunga wimbo ambao angefanya heri kuumeza. Kiongozi wa chama cha pili alikuwa mwanamke aitwaye Ashatu. Mama mkwe wake Ashatu alishikwa na ndui, akafia nje, barazani. Watu walisema Ashatu alimfungia mlango. Wengine walisema la, bibi kizee mwenyewe alikataa kuingia kwa kumhofia mjukuu wake, Salumu mwana wa Ashatu, aliyekuwa bado mdogo. Ukweli wake aliujua Ashatu na Mola wake. Sikuzani hakungoja kuujua. Kofia haijamalizika, wimbo umekwisha:

Mlango una komeo, mama yuko barazani,
Agonga jana na leo, mkwe yumo kitandani.

Mistari ilikuwa mingi, lakini hiyo miwili ilitosha. Wimbo ulikwenda sokoni, ukaenda kisimani, ukapanda bara mpaka Kiwangwa kwenye mashamba ya mihogo. Watoto waliurukia kamba. Ashatu akiingia mahali, watu walifunika midomo kwa kanga, na kila mtu alijua nini kimo nyuma ya kanga hizo. Mwishowe aling'oa komeo la mlango wake kwa mikono yake mwenyewe, akalitumbukiza chooni. Tangu siku hiyo nyumba ile haikulala imefungwa. Usiku mlango ulisukumiwa kinu tu, na aliyetaka kuingia aingie, hata mwizi.

Ugomvi ulidumu miaka, mpaka waume wakaanza kutajiana mapanga. Hapo wazee wakawakusanya wanawake wa vyama vyote viwili katika ukumbi mmoja. Shehe akaandika kombe, aya za Kurani kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akaliosha kwa marashi. Wimbo ukaimbwa mara ya mwisho, mwanzo hata mwisho, Ashatu amekaa anasikiliza, ili asitokee mtu siku za mbele akasema kuna neno lilisahauliwa. Kisha Sikuzani na Ashatu wakanywa kombe katika sahani moja, na Sikuzani akala yamini mbele ya wote: wimbo huu umekufa, umezikwa, na atakayeufufua, shari imrudie yeye na nyumba yake.

"Yeye na nyumba yake," ukumbi mzima ukaitikia.

Mina, mtoto pekee wa Sikuzani, alikuwapo siku ile. Alikuwa na umri wa miaka saba hivi, amekaa ubavuni mwa mama yake, anatafuna kashata. Mtoto hakuapishwa, nani amwapishe mtoto?

Amani ikashika. Mina akakua, akawa na sauti ambayo mama yake aliililia maisha yake yote, sauti safi ya kumfanya mpita njia asimame. Salumu, yule mjukuu wa marehemu, akampeleka mshenga. Watu wakasema zafarani ile imefanya kazi yake, na Mina akahamia nyumbani kwa Ashatu. Ashatu akampenda kama aliyemzaa. Mwaka wa pili Mina akapata mimba.

Sasa mimba ya kwanza kwetu hailelewi kwa mume. Miezi ikisogea, binti hurudi kwa mama yake, akajifungulia huko, akakandwa na kunyweshwa uji wa pilipili manga na mkono uliomlea. Ashatu mwenyewe alihesabu kwa vidole: Rajabu ikiandama, Mina arudi kwao. Sikuzani akaanza kukusanya kanga kuukuu zilizolainika kwa kufuliwa. Akakaza upya kamba za kitanda. Hakuwa na mtu mwingine duniani, na kila alichokifanya siku hizo alikifanyia Rajabu hiyo.

Angeishia hapo, ningekuwa sina la kusimulia. Lakini Bahadurali, mwenye duka la nguo linalotazamana na nyumba ya Ashatu, alileta gramafoni.

Sikuzani alikwenda kumuuzia kofia, akakuta watu wamejaa mlangoni. Bahadurali alizungusha mkono wa ile mashine, akateremsha sindano juu ya sahani nyeusi, na kwenye pembe ikatoka sauti ya mwanamke, mtu wa mbali ambaye hakuna pale aliyepata kumwona. Watu walicheka, wakatafuta nyuma ya mashine. Sikuzani hakucheka. Alisimama pale mpaka kofia zikamlowa jasho mkononi.

"Bwana Bahadurali," akauliza watu walipopungua, "hawa waimbaji nyimbo wanazitoa wapi?"

"Kwa watu, Mama Mina. Kampuni ikileta mitambo Dar es Salaam, inamtaka kila mwimbaji nyimbo sita, saba. Yeye anazo mbili. Zilizobaki anazunguka kuziomba."

"Mimi ninazo."

"Najua," akasema Bahadurali, akiifuta sahani kwa kitambaa polepole. "Bagamoyo yote inajua." Macho yake yalikwenda kidogo kwenye mlango wa ng'ambo ya pili, kisha yakarudi.

Kulsum, mkewe Bahadurali, ndiye aliyepeleka habari. Kwao Dar es Salaam walifahamiana na mwimbaji mmoja, Sadallah, mpiga udi. Haukupita muda mrefu, huyo hapo kwenye baraza ya Sikuzani, tarbushi kichwani, udi ndani ya mfuko wa kitambaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu mkekani."

Sadallah alikuwa mtu wa adabu, na hakumficha kitu. Upande mmoja wa santuri unachukua dakika tatu, akasema, basi mambo ya beti thelathini yabaki kwenye arusi. Mahadhi yawe ya kumshika mtu sikio mara ya kwanza. Na jina litakaloandikwa katikati ya sahani ni la mwimbaji, si la mtunzi, asije akalaumiwa baadaye.

"Jina mimi sina haja nalo," akasema Sikuzani. "Nataka nisikie tu." Na hapo alisema kweli tupu.

Akamtolea nyimbo kwa mkwaruzo wake, moja baada ya nyingine. Sadallah alijaribu kila moja kwenye nyuzi, akatikisa kichwa. "Maneno matamu, mama. Lakini sauti zake za kulalia." Walikaa hivyo mpaka jua likahama ukutani. Mwisho akaurudisha udi mfukoni, akaomba radhi, akatafuta viatu vyake.

Sikuzani aliona haya hata hakujua aweke wapi uso. Akainama, akachukua kofia yake, akaanza kudarizi, na kama ilivyo kawaida ya mtu aliyeshika sindano tangu utoto, akawa anavumisha wimbo puani bila kujijua.

Sadallah akasimama na kiatu kimoja mguuni. "Hiyo!"

"Ipi?"

"Hiyo unayoivumisha."

Sindano ikamchoma kidole. Tone la damu likaingia kwenye kitambaa cheupe, likatanda, na kofia ikaharibika.

"Hiyo haina maneno," akasema.

"Basi itie maneno, mama. Nitarudi Ijumaa."

Usifikiri hakuogopa. Aliogopa, chakula kikamshinda. Lakini woga wake alikuwa na jibu lake, na jibu hilo alilizungusha kichwani mpaka likang'aa. Kiapo kilikuwa cha maneno. Maneno ndiyo yaliyomuumiza Ashatu, maneno ndiyo yaliyozikwa. Mahadhi yana kosa gani? Hayana mdomo wala hayamtaji mtu. Akakaa kutunga mengine ya mapenzi, yasiyo na ubaya na kiumbe. Tatizo ni kwamba mahadhi yale yalizaliwa na vina vyake, na kila alipojaribu vina vingine yalimtupa, akajikuta amerudi pale pale:

Waridi langu la leo, lanukia kitandani,
Uzuri wake upeo, laniponya mtimani.

Mwanahija, jirani yake, alimsikia kupitia ukutani. Mwanahija alikuwamo ukumbini siku ya kombe. Alikuja bila kupiga hodi, unga wa muhogo bado mikononi.

"Sikuzani, nasikia nini humu ndani?"

"Wimbo mpya. Sikiliza maneno yake."

"Maneno sikuyasikia. Nimesikia ule." Akajifuta unga kwenye kanga. "Kamwombe Ashatu. Akikubali, mimi wa kwanza kupiga vigelegele. Akikataa, mrudishe huyo bwana kwao na udi wake."

"Maneno ni mengine, Mwanahija."

"Kama ni mengine, unaogopa nini kumwomba?"

Alikwenda kweli, siku ya Alhamisi, amevaa vizuri, ombi lake amelipanga neno kwa neno. Ashatu alimpokea kwa kahawa na halua, akamwekea mto mgongoni. Mina alikaa chini akiguguna embe mbichi kwa chumvi, hamu ya mimba changa. Kwenye ubao wa mlango Sikuzani aliviona vitobo vya misumari, pale komeo lilipokuwa, vimejaa vumbi.

"Unajua, dada," akasema Ashatu, "juzi nilipita sokoni nikarudi, ndipo nikakumbuka sikuwatazama watu midomo. Miaka yote hiyo, jambo la kwanza namtazama mtu mdomo. Juzi nimesahau." Akacheka, macho yakamlenga machozi. "Nimeona nikwambie wewe."

Ombi lilikuwa limemfika Sikuzani ulimini. Akalimeza pamoja na kahawa.

"Rajabu ikiandama nitakuja kumchukua mtoto," ndilo alilosema.

"Mchukue, ni haki yako. Ila umrudishe," akasema Ashatu, wakacheka wote watatu.

Ijumaa Sadallah alirudi, akafundishwa wimbo, akaondoka nao. Aliushika upesi mno.

Tangu siku ile jambo moja lilimtokea Sikuzani, na hakumwambia mtu. Nyimbo ziliacha kuja. Alikaa mkekani, sindano ikaingia ikatoka, na kichwani kimya. Hakupata kuwa na kimya kile tangu utoto wake. Wakati mwingine alisimamisha mkono akasikiliza, kama mtu anayesikiliza nyumba ambayo wenyewe wamehama. Akadarizi kofia nyingi na wimbo usije hata mmoja.

Mara moja alimwendea Bahadurali. "Ule wimbo wa Sadallah, naweza kuurudisha?"

"Alikwisha kuuimba, Mama Mina. Umekwenda Ulaya kuchongwa. Mtu akikosea ukimwambia anyamaze, atanyamaza. Sahani utaiambia nini?"

Santuri zilifika Rajabu ikiwa inanukia, bado siku chache mwezi kuandama. Bahadurali alimtuma Kulsum amwite. Alikuta kiti kimewekwa mbele, karibu na pembe, na watu wamejaa mpaka njiani, wanaume kwa wanawake, kwani habari zilikuwa zimeenea kwamba mwana wa Dunda ametunga santuri. Ng'ambo ya pili mlango wa Ashatu ulikuwa wazi. Dirisha nalo lilikuwa wazi, na ndani yake ikasikika mbuzi ikikuna nazi.

Sindano ikateremka. Nyuzi za udi zikaanza, kisha Sadallah akaingia, na Sikuzani akalia. Lazima niseme, alilia kwa furaha. Mkwaruzo wa maisha yake yote ulikuwa umeoshwa. Ile sauti aliyoisikia kichwani akiwa mkekani ilikuwa inatoka nje, safi, imenyooka, kama alivyoitaka. Laiti angekufa wakati huo, angekufa na raha yake.

Alipofuta machozi akaona nyuso.

Wanawake wa rika lake walikuwa wamesimama wima kama waliokanyaga kitu. Hakuna aliyemtazama mwenziwe. Mmoja akainua upindo wa kanga, akafunika mdomo. Mwingine akafanya vile vile. Nao ambao hawakuwahi kujifunika, Sikuzani aliiona midomo yao ikicheza, na haikuchezea waridi. Sadallah aliimba yake, midomo ikafuata yake, kina kwa kina, hatua moja, na hapakuwa na aliyetoa sauti.

Sauti ilitoka ng'ambo. Ilitoka dirishani, juu ya mkuno wa nazi, nyororo na isiyo na habari, sauti ya mtu ambaye mikono yake ina kazi na moyo wake uko mbali:

Mlango una komeo, mama yuko barazani…

Mbuzi iliendelea kukuna. Mina alikuwa akiimba wimbo wa utoto wake, ule uliomlaza mkekani, ubavuni mwa mama, kabla hajajua maneno yana maana. Aliufikisha mpaka "mkwe yumo kitandani." Santuri ikafika mwisho, sindano ikakwaruza tupu, na sauti ya Mina ikabaki peke yake njia nzima, mstari mmoja mzima, ndipo ikakatika ghafla. Mbuzi nayo ikanyamaza.

Ashatu akatokea mlangoni. Hakupiga kelele, wala hakutazama umati. Alimtazama Sikuzani tu, kwenye kiti chake cha mbele, kwanza machoni, kisha mdomoni. Akarudi ndani. Kabla ya magharibi fundi seremala alionekana akiingia nyumba ile na mfuko wake, na mtaa wote ukasikia nyundo.

Rajabu ikaandama. Sikuzani alijitwisha kanga zake kuukuu, akaenda, akapiga hodi. Mlango haukusukumika. Akagonga.

"Nani?" ikauliza sauti ya Ashatu, karibu kabisa, nyuma ya ubao.

"Mimi, dada. Nimekuja kumchukua Mina."

"Mina nimemuuliza maneno yale kayapata wapi. Kaniambia, mama, sijui, nimeyakuta kinywani. Nimemsadiki. Yeye hana kosa, atazaa hapa."

"Ashatu, nakuomba kwa Mungu. Mimba ya kwanza ni kwa mama. Ndiyo desturi."

"Na yamini ilikuwa desturi."

"Nipe Salumu niseme naye."

"Amejilaza kitandani. Kichwa kinamuuma."

Aliwaendea wazee. Wakaenda, wakarudi, mmoja akakohoa, akasema kiapo walikisikia wote na hawakumlazimisha mtu kuapa. Shehe alimwombea dua. Hakuna aliyemtukana, na labda angetukanwa angepumua kidogo.

Akarudi barazani kwa Ashatu, akakaa. Alikaa mpaka giza, akaenda kulala, asubuhi akaja tena, akagonga tena. Kulsum alimvushia chai, akainywa nusu. Bahadurali aliiweka ile santuri chini ya marobota, asiipige tena dukani kwake, lakini alikwisha kuuza nyingi, na kutoka nyumba ya tatu au ya nne mahadhi yalikuja yakapita. Mwanahija alipita na ndoo ya maji. Akamwona rafiki yake ameegemea ule ubao, mkono juu ya mlango, kanga kuukuu miguuni, na kabla hajajizuia mkono wake ulikwisha kuinua upindo na kufunika mdomo. Akapita haraka.

Alasiri hiyo uchungu ukamshika Mina. Sikuzani aliujua kwa hatua za mkunga ndani na kwa sufuria lililobandikwa. Akagonga kwa ngumi. Akagonga kwa viganja. Akaita kwa mkwaruzo wake ambao haukupata kuvuka hata ukuta mmoja. Kisha ndani kabisa Mina akalia, sauti ile safi aliyoizaa yeye, ikapenya kila kitu.

"Mama!"

Sikuzani akaruka, akaweka mdomo kwenye vitobo vya misumari ya zamani. Kabla hajatoa neno, Ashatu alikwisha kuitikia, taratibu, kwa upole wa mtu aliyekaa kitako karibu ya kitanda.

"Nipo, mwanangu. Nipo."

Sikuzani akateremka polepole, akakaa tena barazani.